Glavu za Kwanza za Muay Thai: Twins BGVL3 na Fairtex BGV1 Mkononi mwa Mwanafunzi

Wengi wanaoanza Muay Thai, mchezo wa mapigano wa Thailand, kwa ajili ya afya hununua vifaa kinyumenyume. Kaptura ya satini yenye maandishi ya Kithai huja kwanza, kisha soksi za kubana vifundo vya miguu, kisha kinga za magoko, na glavu huazimwa kwenye sanduku la jimu. Glavu ya kuazima imeloa jasho la watu wengi, sponji yake imeshalala mbele ya vifundo vya vidole, na velkro haishiki tena. Mwanafunzi anapiga begi la mazoezi kwa wiki tatu, kifundo cha mkono kinaanza kuuma, naye anaamini kwamba mchezo huu si wake. Kumbe tatizo lilikuwa mkononi tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa kwanza unadai vitu viwili tu: bandeji nzuri za mikono na glavu zinazomkaa mvaaji. Mengine yote yanaweza kusubiri. Ndiyo maana mapitio haya yanakaa sana kwenye glavu, hasa mbili zinazotajwa kila mahali mwanafunzi anapouliza aanze na zipi: Twins Special BGVL3 na Fairtex BGV1. Zote mbili hutengenezwa Thailand, zote ni za ngozi, zote hufungwa kwa velkro na hupatikana katika uzito tofauti tofauti. Ukiziona pichani utadhani ni ndugu. Ukizivaa, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Glavu inayofunguka

Muay Thai hutumia viungo vinane: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili na miguu miwili. Lakini mkono una kazi nyingine ambayo haihesabiwi humo, nayo ni kushika. Unashika shingo ya mwenzako kwenye klinchi, yaani mkiwa mmekumbatiana kwa karibu, ili umpige goti, unanasa teke lake ubavuni, unasukuma bega lake ili avunje mizani. Pia mkono unapokea mateke: teke la juu likija, linatua kwenye mkono na kigasha kabla halijafika kichwani.

Glavu ya Kithai imeshonwa kwa kazi hizo. Sponji haiishii kwenye vifundo vya vidole bali hupanda nyuma ya mkono kuelekea kwenye kifundo, kwa sababu huko ndiko teke linakotua. Kiganja ni laini na hukunjuka. Sehemu ya kifundo ni fupi ili mkono uweze kujikunja na kunasa shingo. Glavu ya ndondi za kawaida ni kinyume chake: mkono umeshakunjwa ngumi tayari, kifundo ni kirefu na kigumu, na ukijaribu kuufungua unapigana na sponji yenyewe. Ukiingia nayo kwenye klinchi, vigasha vinachoka ndani ya dakika moja na mshiko unateleza.

Hii haimaanishi glavu ya ndondi ni mbaya. Kama darasa lako ni la begi na pedi (mito ya kupigwa anayoshika kocha) tu, bila klinchi wala sparingi (pambano la mazoezi), kifundo kile kirefu kitakulinda vizuri kuliko glavu nyingi za Kithai. Uliza kocha kabla hujalipa. Darasa lenye klinchi hata mara moja kwa wiki linataka glavu ya Kithai.

Kipimo cha dukani ni rahisi na hakihitaji begi. Funga bandeji, vaa glavu, kaza velkro. Kunja ngumi: ncha za vidole ziguse mwisho wa mfuko wa ndani bila kukunjwa kwa nguvu, na dole gumba lilale bila kuvutwa. Kisha fungua mkono na ushike shingo ya mtu aliyesimama mbele yako, kiganja kimoja juu ya kingine nyuma ya kichwa, viwiko vikibana kifua chake. Hesabu hadi 30. Ikiwa vidole vinarudi ngumi vyenyewe, au vigasha vinaanza kutetemeka, rudisha glavu rafuni. Mwisho, tikisa mkono kwa nguvu. Glavu isizunguke.

Kwenye kipimo hicho Twins BGVL3 hushinda kwa mikono mingi. Ina nafasi pana ndani, umbo lake ni la mviringo, na sponji ya nyuma ya mkono ni nene hadi karibu na kifundo. Inafunguka bila kulazimishwa hata ikiwa mpya. Unapozuia teke kwa mkono, uzito unasambaa badala ya kutua sehemu moja. Mwenzako wa sparingi naye atakushukuru, maana uso wa glavu ni mpana na pigo lake huwa la kusukuma kuliko kuchoma.

Udhaifu wake unatokana na upana huohuo. Mkono mwembamba unateleza ndani, na mkono unaoteleza hutua umepinda. Bandeji ndefu hurekebisha hali hiyo kwa kiasi, lakini si yote. Kifundo kifupi nacho kinamwachia mvaaji kazi ya kujilinda kwa bandeji na kwa kupiga vizuri. Glavu hii haimsamehi anayefunga bandeji ovyo.

Fairtex BGV1 imebana. Umbo lake ni dogo zaidi kwa uzito uleule, mfuko wa vidole ni mwembamba, na ngumi hukunjika kwa urahisi sana. Kwenye pedi inatoa hisia safi: unajua hasa kifundo kipi cha kidole kimegusa. Kwa mwanafunzi anayejifunza kutua na vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, taarifa hiyo ina thamani kubwa. Mikono myembamba inakaa humo kama imepimwa na fundi.

Kwa upande mwingine, mkono mpana uliofungwa bandeji ya mita 4.5 unaweza kupata ganzi kabla ya raundi ya tatu. Glavu hizi huanza zikiwa ngumu na huhitaji wiki kadhaa za mazoezi kulainika. Wakati huo piga pedi kwanza, begi zito baadaye. Nyuma ya mkono sponji ni nyembamba kuliko ya Twins, kwa hiyo kuzuia mateke mazito kunasikika zaidi. Na kwa kuwa sponji imebanwa katika umbo dogo, pigo lake kwenye sparingi huwa kali kidogo kuliko aunsi, yaani uzito wake, zinavyosema.

Uamuzi wetu: kwa mwanafunzi wa kawaida anayetaka kujifunza mchezo mzima, klinchi ikiwemo, chagua Twins. Mwenye mkono mwembamba, au anayetumia muda mwingi kwenye pedi na begi, atafurahi zaidi na Fairtex. Usiagize yoyote kati ya hizi mtandaoni kabla hujaivaa ya mtu mwingine jimuni, hata kwa dakika tano.

Aunsi ngapi

Aunsi 1 ni karibu gramu 28. Glavu ya aunsi 16 ina takriban gramu 450 kila mkono, na ya aunsi 10 takriban gramu 280. Tofauti ya gramu 170 inaonekana ndogo mpaka uibebe mbele ya uso kwa raundi tano za dakika tatu. Mabega ndiyo yanayochoka kwanza, mikono inashuka, na kidevu kinabaki wazi.

Kama unanunua jozi moja tu, nunua aunsi 14 ikiwa una uzito chini ya kilo 65 hivi, na aunsi 16 ukizidi hapo. Jimu nyingi hazimruhusu mtu mzima mwenye mwili mkubwa kufanya sparingi na glavu nyepesi zaidi ya 16, na zina haki. Uzito huo ni kwa ajili ya kichwa cha mwenzako. Aunsi 10 na 12 ni nzuri kwa pedi na begi, zinakupa kasi, lakini ni jozi ya pili.

Tangu Januari 2023 uwanja wa Lumpinee mjini Bangkok umekuwa ukipokea mapambano ya kampuni ya ONE Championship siku za Ijumaa, na wapiganaji wengi humo huvaa glavu za aunsi 4 zenye vidole wazi. Wanafunzi wanaziona kwenye simu na kuzitaka. Hizo ni glavu za pambano la watu waliobobea. Kwenye begi hazina sponji ya kutosha kwa mkono usiozoea, na kwenye sparingi hazina nafasi kabisa.

Jozi moja ikitumika kwa begi na sparingi pamoja, kuna jambo la kuangalia kila mwezi. Begi huibana sponji mahali palepale maelfu ya mara mpaka ikakakamaa. Vaa glavu mkono mmoja, kisha bonyeza sehemu ya vifundo kutoka nje kwa dole gumba la mkono wa pili. Ukihisi mfupa wako chini ya ngozi, glavu hiyo isiguse uso wa mtu tena. Ibaki ya begi.

Bandeji ndiyo nusu ya glavu

Hapa ndipo fedha kidogo inapofanya kazi kubwa, na hapa ndipo watu wanapozembea. Bandeji ya mtu mzima iwe na urefu wa mita 4.5 na upana wa sentimita 5, yenye mvutiko kidogo. Zile fupi zinazotiwa ndani ya seti za wanaoanza huisha kabla hazijafika katikati ya vidole. Mifuko ya vidole yenye jeli, inayovaliwa kama soksi, ni ya haraka lakini haishiki kifundo cha mkono. Iache.

Tanua vidole vyote kadiri unavyoweza. Ukifunga vikiwa vimebanana, ngumi ikikunjwa bandeji itakata damu. Tia kitanzi kwenye dole gumba, kisha bandeji ipite nyuma ya mkono, si kiganjani. Ikipita nyuma, hukazika unapokunja ngumi, na ikipita kiganjani hulegea. Zungusha kifundo cha mkono mara tatu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Panda hadi kwenye vifundo vya vidole, zungusha mara tatu. Rudi kwenye kifundo cha mkono ukichora msalaba nyuma ya mkono. Sasa pita kati ya kidole kidogo na cha pete, rudi kifundoni. Kati ya cha pete na cha kati, rudi. Kati ya cha kati na cha shahada, rudi. Zungusha dole gumba mara moja. Bandeji iliyobaki igawe: mizunguko miwili kwenye vifundo vya vidole, mingine yote kwenye kifundo cha mkono, na velkro ifungwe hapo.

Kunja ngumi: ibane bila kuuma. Fungua: ilegee. Ncha za vidole zikibadilika rangi au zikipata ganzi ndani ya dakika tano, fungua uanze upya. Ikilegea kila mara raundi ya pili hata ukifunga vizuri, mvutiko umekufa na bandeji imefika mwisho wake.

Kazi hii huchukua dakika tano hadi saba kwa mikono miwili, na hatuipendekezi kwa ajili ya mifupa tu. Anayetoka kazini akiwa na kichwa kimejaa hupata dakika hizo za kunyamaza na kuhesabu mizunguko kabla hajapiga chochote. Wapo makocha wasiozungumza na mwanafunzi anapofunga bandeji, nasi tunaona ni utaratibu wa kuheshimiwa.

Maumivu yakija hata hivyo, yasome mahali yalipo. Kifundo cha mkono kikiuma upande wa kiganja, umepiga ndoano, yaani ngumi ya mzunguko kutoka pembeni, mkono ukiwa umepinda. Rudi kwenye pigo la taratibu mbele ya kioo. Mfupa wa kiganja unaoelekea kidole kidogo ukiuma, unatua na vifundo vya nje, na mfupa huo ndio unaovunjika kirahisi kuliko mingine ya mkono. Ukivimba na kifundo cha kidole kikaonekana kimezama, acha begi, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Ngozi ikichubuka juu ya vifundo, glavu inacheza: ongeza bandeji au punguza ukubwa wa glavu.

Kinga za magoko na vingine

Kinga za magoko ni za sparingi, na mwanafunzi mwingi hafiki huko kabla ya mwezi wa pili au wa tatu. Begi lipigwe ugoko ukiwa mtupu. Mfupa huimarika kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo kwa miezi, na begi laini lenye mateke 50 kila upande ni mzigo wa kutosha kwa anayeanza. Wanaojigonga kwa chupa au fimbo wanaumiza utando wa juu ya mfupa bila faida yoyote.

Ukizinunua, chagua za ngozi zenye mikanda miwili nyuma ya shavu la mguu. Zile za kuvuta kama soksi ni nyepesi na hazisogei kwenye klinchi, ila sponji yake ni nyembamba. Nzuri kwa mazoezi mepesi, haba kwa mwenzako anayepiga kwa uzito. Ukingo wa juu uishie vidole viwili chini ya goti, na ulimi wa chini ufunike mgongo wa mguu bila kuzuia kifundo kujikunja. Zikizidi urefu zitakusukuma goti kila unapoinua mguu kuzuia. Angalia pia kushoto na kulia: ncha za mikanda zitazame nje, zisimkwaruze mwenzako.

Kinga ya magoko hairekebishi teke baya. Teke la duara hutua kwa sehemu ya chini ya ugoko, si kwa mgongo wa mguu wenye mifupa midogo inayovunjika. Mguu wa kusimamia uzunguke juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kielekee kwenye shabaha. Kisigino kikibaki kimekwama sakafuni, goti ndilo linalopokea mzunguko wote, na goti halikuumbwa kuzunguka hivyo.

Kinga ya meno nunua kabla ya sparingi ya kwanza. Ile ya kulainishwa kwa maji moto inatosha; fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, uiume, unyonye hewa itoke, na ibaki juu bila kushikiliwa na meno ya chini. Wanaume waongeze kinga ya kinena. Soksi za kubana vifundo vya miguu hutia joto na hazitegemezi chochote cha maana, zisubiri.

Mafuta ya Kithai ya kuchua, namman muay, ni kitu kizuri kikitumiwa kwa akili. Yana methili salisileti na mentholi, hupasha ngozi na kupunguza hisia ya maumivu ya misuli. Usipake kwenye mchubuko wala karibu na macho, nawa mikono kabla ya kugusa uso, na asiyepatana na aspirini au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza. Hayaponyi jeraha, kwa hiyo usiyapake ili uendelee kupiga juu ya kifundo kilichovimba.

Namna glavu zinavyokufa

Ngozi nzuri haiuawi na ngumi. Huuawa na begi la nguo lililofungwa zipu usiku kucha. Jasho likikaa, bakteria huzaliana, harufu huingia kwenye sponji na haitoki tena. Baada ya mazoezi fungua velkro yote, futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, jaza magazeti yaliyofinyangwa, weka mahali penye upepo na kivuli. Jua kali na hita hukausha ngozi mpaka ikapasuka kwenye mkunjo wa kiganja na mshono wa dole gumba. Mashine ya kufulia isizione kabisa. Bandeji, kinyume chake, zifuliwe kila baada ya mazoezi, velkro ikiwa imefungwa, ndani ya mfuko wa wavu, bila dawa ya kulainisha nguo maana hupaka nyuzi na kupunguza mvutiko. Uwe na jozi mbili za bandeji ili moja ikauke.

Kwa kuwa majina haya mawili yanajulikana, glavu bandia ziko nyingi. Bei iliyo nusu ya kawaida ni ishara ya kwanza. Kisha angalia mshono: nafasi kati ya tundu na tundu ziwe sawa, uzi usining'inie, hasa pale dole gumba linapounganishwa na mwili wa glavu. Kiungo hicho huzuia dole gumba lisiingie kwenye jicho la mwenzako, na kwenye bandia ndicho kinachokatika mapema. Zipime zote mbili kwenye mizani. Zikitofautiana kwa makumi ya gramu, au jozi ya aunsi 14 ikakosa kukaribia gramu 400 kila moja, aliyezitengeneza hakupima sponji yake, nawe usitegemee ikulinde.